Nani Alilipia Safari ya Rebmann?

Nilivuka mpaka wa Taveta na Holili mwezi wa Mei nikiwa na begi moja la mgongoni, daftari moja na shilingi 9,000 za Kenya. Begi nililiazima kwa kaka yangu. Daftari lilikuwa la shule, na kabla sijaondoka Mombasa nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa kwanza. Upande wa kushoto niliandika "Nimetoa". Upande wa kulia niliandika "Nimebaki na". Niliapa kwamba fedha zile zingenifikisha Moshi, zingenilisha na kunilaza siku sita, kisha zingenirudisha nyumbani.

Afisa wa uhamiaji alitazama hati yangu, akatazama begi, akaniuliza, "Dada, unakwenda kupanda mlima?"

"Hapana, nakwenda kuutazama tu."

"Kuutazama ni bure," alisema, akagonga muhuri. "Ila wiki hii umejifunika. Itabidi uvumilie."

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Utafiti wangu unahusu watu waliobeba mizigo ya misafara baina ya pwani na Uchaga katika karne ya 19. Sikupata ufadhili wa safari ya nje ya nchi, basi nikaamua kwenda kwa fedha zangu. Nilitaka kufuata njia ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai mwaka 1848 na kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro. Nilichagua Mei kwa sababu yeye naye alipita nyika hiyo mwezi wa Mei.

Nikiri kwamba kulikuwa na sababu nyingine. Watu wa rika langu tunaheshimiana kwa safari za bei ya chini. Mtu akirudi kutoka Zanzibar au Kigali, swali la kwanza si "umeona nini" bali "umetumia ngapi", na aliyetumia kidogo ndiye anayesikilizwa. Mimi nilitaka kusikilizwa. Kila nilipolipa kitu, hata karanga za kwenye karatasi, nilifungua daftari na kuandika, na kila nilipopunguziwa bei nilihisi kama nimeshinda mechi.

*

Rebmann naye alikuwa msafiri wa mfuko mwepesi. Alizaliwa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Johann Ludwig Krapf, wote wawili wakiwa chini ya chama cha wamisionari cha Uingereza kiitwacho CMS. Makazi yao yalikuwa Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Kanisa la zamani la pale sasa ni makumbusho, na ndipo nilipoanzia safari yangu, kwa kuwa kutoka kwetu ni mwendo wa matatu tu.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kuelekea Uchaga akiwa na watu wasiofika kumi. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walizoea kwenda huko kwa misafara mikubwa yenye bunduki nyingi. Yeye alishika mwavuli. Kiongozi wake wa njia aliitwa Bwana Kheri, Mswahili aliyekwishafika Uchaga kabla ya hapo. Rebmann aliandika kwamba njiani Bwana Kheri alishangaa kuona kwamba mahali ambapo zamani walihitaji bunduki 500, sasa wanapapita na mwavuli tu. Maneno hayo husomwa kama sifa kwa ujasiri wa mmisionari. Mimi nimeyasoma mara nyingi, na ninasikia ndani yake sauti ya mtu anayejua kwamba jambo likiharibika, yeye ndiye atakayetakiwa kutafuta njia ya kutokea.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, wakiwa katika nyika baina ya Taita na Taveta, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima. Mwanzoni alidhani ni wingu. Akamwuliza Bwana Kheri, naye hakuwa na jina la kile cheupe, ila alimwambia kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa kwamba anatazama theluji.

Habari hizo zilipochapishwa London mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyeichora Afrika akiwa chumbani mwake, alizikataa. Kwake yeye, theluji karibu na ikweta ilikuwa ndoto ya mtu mwenye macho mabovu. Ubishi uliendelea hadi Baron Carl Claus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha. Lakini wenyeji hawakuwa na haja ya uthibitisho huo. Rebmann mwenyewe alisimuliwa kwamba Mangi Rungua wa Machame alikwishatuma watu juu kuchunguza ule weupe, wakafa karibu wote. Aliyerudi ni mmoja, aliyeitwa Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Utafiti wa kwanza wa theluji ya Kilimanjaro ninaoufahamu kwa jina la mtu ulilipiwa kwa vidole vya Sabaya.

*

Moshi nilipata chumba kwenye gesti karibu na stendi kwa shilingi 15,000 za Tanzania. Kitanda, neti, ndoo ya maji, na dirisha ambalo mwenye gesti aliniambia linatazama Kibo. Kwa siku tatu lilitazama wingu.

Mji huu wa chini ni mgeni kuliko jina lake. Moshi ya wamangi ilikuwa juu kwenye miteremko, pale panapoitwa Old Moshi. Mji wa leo ulikua baada ya reli ya Wajerumani kutoka Tanga kufika hapa mwaka 1911. Wachaga wenyewe hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo, Kilema, Marangu, Moshi, Kibosho, Machame na mengine mengi, lilikuwa na Mangi wake, mipaka yake na ugomvi wake na jirani. Leo ukiwa Dar es Salaam na ukahitaji sabuni usiku, unakwenda "dukani kwa Mangi", kwa sababu mwenye duka mara nyingi ni Mchaga. Cheo cha watawala kimekuwa jina la muuza duka. Nilicheka nilipolifikiria hilo. Baadaye, nilipozisoma tena habari za hongo, nikaona kwamba umbali kati ya kazi hizo mbili si mkubwa kama nilivyodhani.

Siku ya tatu nilipanda Hiace hadi Himo, kisha bodaboda hadi Kilema. Rebmann alifika Kilema mwezi huohuo wa Mei 1848, na Mangi Masaki akampokea. Kondoo alichinjwa, na mgeni akavishwa kipande cha ngozi yake kuwa alama ya urafiki. Nilitaka kutembea kwa miguu kutoka Kilema hadi Marangu kwa njia za ndani, katikati ya migomba, ili nipate picha ya umbali baina ya nchi ya Mangi mmoja na nyingine.

Dereva wa bodaboda aliniunganisha na kijana wa pale. Ameniomba nisiandike jina lake, nami nimetii, ingawa mtaona kwamba suala la majina linanisumbua. Alikuwa mgumu. Ndivyo wanavyojiita wabeba mizigo wa Kilimanjaro: wagumu. Mei ni msimu wa mvua, wageni ni wachache, na alikuwa hajapanda tangu Machi.

"Kutwa nzima, elfu arobaini," alisema.

Nikacheka kama mtu aliyesikia kichekesho. Nikamwambia mimi si mtalii. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi. Alipofika elfu thelathini nikaanza kuondoka polepole, kama nilivyofundishwa na shangazi yangu sokoni Kongowea. Kisha nikatoa silaha yangu ya mwisho.

"Kaka, mimi ni Mwafrika mwenzako. Utanitoza kama Mzungu?"

Alinyamaza. Akatazama mawingu, akatazama viatu vyangu. "Haya dada, toa kumi na tano. Twende kabla mvua haijarudi."

Nikafungua daftari papo hapo na kuandika: Mwongozaji, 15,000. Nikajua nitakaporudi nyumbani hiyo ndiyo nitakayoisimulia.

*

Njia ilipita kwenye vihamba, migomba juu na mibuni chini yake, na kando yetu yakatiririka maji ya mifongo, ile mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu zamani kushusha maji ya mlima hadi mashambani. Mwenzangu alizungumza kwa utulivu. Aliniambia kwamba mzigo wa mgumu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, na kwamba hupimwa kwenye mzani langoni. Nikamweleza kwamba katika misafara ya karne ya 19 mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Alifikiri kidogo, akasema, "Mzani ni wa langoni. Mbele ya lango kuna mlima."

Nilimwuliza kuhusu wageni wa bei nafuu. Kupanda hadi kileleni humgharimu mgeni kutoka ng'ambo zaidi ya dola 1,000, na sheria haimruhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Ndiyo maana wengi hutafuta anayeuza kwa bei ya chini kabisa.

"Sikia dada," alisema. "Ada za hifadhi hazipungui. Chakula hakipungui sana, mgeni lazima ale. Gari halipungui. Sasa mgeni akipunguziwa dola mia tatu, unadhani zinatoka wapi?"

Sikujibu.

"Zinatoka kwa mgumu. Siku za malipo zinapungua, au watu wanapungua na mzigo unabaki uleule. Au unaambiwa subiri bakshishi."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinifafanulia kazi yake kwa sababu nilimwuliza. Lakini nilikuwa nimebeba mgongoni rasimu ya sura yangu ya pili, ambamo niliandika kwa hasira nyingi kwamba wasafiri wa Ulaya "walijenga umaarufu wao juu ya ujira duni wa Waafrika". Niliipenda sana sentensi hiyo. Na mfukoni nilikuwa na daftari lenye hesabu ya 15,000.

Kabla ya saa nane mvua ilirudi. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu niliteleza, nikaanguka na mguu ukapinda. Hakuna kilichovunjika, ila sikuweza kutembea vizuri. Kijana alilichukua begi langu bila kuuliza, akaliweka shingoni kama mtu anayejifunga skafu, akanishika mkono. Hivyo ndivyo safari yangu ya begi la mgongoni ilivyoishia kwenye mgongo wa mtu mwingine.

Alinipeleka kwao, kwa kuwa palikuwa karibu zaidi kuliko barabara. Nilimwamkia mama yake, shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama mguu, akaukanda kwa maji ya moto. Kisha akaniletea bakuli la mtori. Nilikula nikamaliza, akaongeza. Nilipotoa shilingi 5,000 na kuziweka mezani, alizirudisha mkononi mwangu.

"Mwanangu, mgeni halipi chakula."

Jioni kijana alinisindikiza hadi barabarani, akinishikia mwavuli wa mama yake. Nikamlipa zile elfu kumi na tano. Akasema asante.

*

Usiku ule gestini, mguu ukiwa juu ya mto, nilirudia maandishi ya Rebmann kuhusu safari zake mbili zilizofuata.

Novemba 1848 alirudi Uchaga, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mwana wa Rungua. Akapokewa vizuri. Akatiwa moyo, akapanga jambo kubwa zaidi: kuvuka Machame na kwenda hadi Unyamwezi. Aprili 1849 akaondoka Rabai na wapagazi 30 waliobeba nguo na shanga za kulipia njia yote hiyo. Hakuvuka Machame. Mamkinga na watu wake walitaka zawadi hii, kisha ile, kisha nyingine, hadi shehena ikaisha. Rebmann alilia machozi mbele yao. Akarudi pwani kwa taabu, mvua ikimnyeshea, bila nguo wala shanga wala Unyamwezi.

Miaka 25 baadaye yalimkuta Charles New, mmisionari wa Kimethodisti. Mwaka 1871 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Waswahili walimwita Mandara, alimruhusu kupanda, na New akaufikia ukingo wa theluji pamoja na mtu wake aliyeitwa Tofiki. Aliporudi mara ya pili, Mandara alimchukulia karibu mali yote. New aliondoka mgonjwa, akafa njiani mwezi wa Februari 1875 kabla hajaiona pwani.

Vitabu vya wasafiri huyaita mambo haya wizi. Nami kwa muda mrefu niliyasoma hivyo. Lakini fikiria upya neno lenyewe, hongo. Leo hongo ni rushwa, ni kesi. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Ukipita nchi ya mtu, unakunywa maji yake, unakula ndizi zake, unalala chini ya ulinzi wake, na unamlipa. Wafanyabiashara wa pwani walilijua hilo na kuliingiza katika bei ya pembe. Mamkinga hakuwa malaika. Alikuwa mtawala mwenye tamaa, mwenye maadui, na aliyetaka bidhaa za pwani zisiishie kwa jirani yake. Hata hivyo, ukimtazama kutoka upande wake, mbele yake alisimama mgeni asiyenunua pembe wala kuuza bunduki, aliyekuja kuivuka nchi yake kwenda kwa wengine, tena na shehena isiyotosha. Alimtoza. Leo lango la Marangu linamtoza mgeni kwa dola, na mgeni hupewa stakabadhi. Kibanda cha kwanza cha kulala juu ya lango hilo, kwenye mita 2,700 hivi, kinaitwa Mandara. Wageni wanalipa kulala ndani ya jina la mtu aliyemfilisi New.

Swali basi ni hili: ilikuwaje safari ya Uchaga ikawa rahisi kwa wasafiri wa Ulaya waliofuata? Haikuwa kwamba wamangi walipata ukarimu mpya. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka. Mstari ulitoka pwani hadi Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta upande wa Waingereza, kisha ukaupinda mlima ili ubaki upande wa Wajerumani. Wapo wanaosimulia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima huo siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini haina ukweli. Ulikuwa ugawaji wa mezani baina ya serikali mbili, na ndio mstari niliogongewa muhuri.

Kisha ikaja nguvu. Rindi alifariki mwaka 1891, akarithiwa na mwanawe Meli. Mwaka 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumwua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi, wakashinda. Kuanzia 1898 utawala wao ulidai kodi ya nyumba katika koloni lote. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, akiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Familia yake husema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazawa wake wamekuwa wakidai kirudishwe.

Weka mambo hayo kwenye daftari la safari. Kabla ya 1892 mgeni alimlipa mwenyeji ili apite. Baada ya 1898 mwenyeji alimlipa mgeni ili aishi nyumbani kwake mwenyewe. Msafiri aliyepita hapa mwaka 1905 na kufurahia kwamba hakuna tena wamangi wasumbufu njiani, alikuwa akifaidi punguzo la bei. Meli ndiye aliyelilipia.

*

Siku ya tano mguu ulipata nafuu, nikaenda Marangu hadi langoni. Siruhusiwi kwenda zaidi bila kulipa, na sikuwa na za kulipa. Pale pana kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo na mwenzake Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, akakiita kwa jina la mfalme wake mkuu. Jina hilo halipo tena. Tangu uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 kilele ni Uhuru, mita 5,895. Pana pia bamba la Waafrika walioandamana na Meyer.

Meyer alikuwa tajiri, mtoto wa wachapishaji wa Leipzig. Safari yake ya 1888 iliishia mikononi mwa Abushiri bin Salim na watu wake waliokuwa wakipigana na Wajerumani pwani, akalipa fedha nyingi ili aachiwe. Mwaka 1889 alijipanga vizuri. Alipitia kwa Mangi Mareale wa Marangu na zawadi zake, akaweka kambi hatua kwa hatua ili chakula kipande mara kwa mara. Katika kambi ya juu, wazungu wawili walipokwenda kileleni, alibaki mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, peke yake katika baridi ile siku baada ya siku, akilinda hema na kuwapikia. Watu wa Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyeongoza njia, ingawa kitabu cha Meyer hakimtaji.

Nilisimama mbele ya lile bamba muda mrefu. Bwana Kheri, Sabaya, Tofiki, Mwini Amani. Katika sura yangu nilikuwa nimewaweka wote katika tanbihi, kwa kuwa vyanzo vinasema machache kuwahusu. Vyanzo vinasema machache kwa sababu wasafiri waliweka hesabu kama mimi: nimetoa, nimebaki na. Nguo kadhaa kwa Mangi, shanga kadhaa kwa wapagazi. Alichotoa mtu mwingine hakina safu yake. Hakuna palipoandikwa ujuzi wa njia wa Bwana Kheri uligharimu miaka mingapi, wala usiku wa Mwini Amani una thamani gani.

Yuko mmoja zaidi ambaye simsahau. Rebmann aliishi Afrika ya Mashariki miaka 29. Mwishoni macho yalimwisha, akawa kipofu. Mwaka 1875 alirudishwa Ulaya, na aliyemshika mkono safari nzima ya bahari alikuwa Isaac Nyondo, kijana aliyelelewa katika misheni. Rebmann alifariki Korntal mwaka uliofuata. Mtu aliyeipa Ulaya habari ya theluji aliingia bara kwa kuongozwa, akatoka kwa kuongozwa.

Jioni hiyo, Moshi, wingu lilipasuka kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai. Kibo kilitokea juu kuliko nilipokuwa nikikitafuta, cheupe, kimetulia, na mwenye gesti akapaza sauti kutoka uani, "Dada, dirisha hilo! Nilikwambia!"

Nilipofungua daftari, nilipiga mstari wa tatu. Sikuwa na uhakika wa neno la kuandika juu yake. Mwishowe niliandika "Nimebebewa". Chini yake nikaorodhesha: begi, kutoka mteremkoni hadi kwao na kutoka kwao hadi barabarani. Mtori, bakuli mbili. Maji ya moto. Mwavuli. Na elfu ishirini na tano, ambazo ni tofauti kati ya bei aliyoisema na bei niliyomlipa, nilizopunguziwa kwa kuitwa ndugu.

Fedha za kurudi nilikuwa nazo. Za akiba zilikuwa chache, na nilizituma kwa simu zote isipokuwa nauli na mlo mmoja. Hazikufika elfu ishirini na tano. Niliandika ujumbe mrefu wa kueleza, nikaufuta, nikaandika kwamba ni salio la siku ile.

Sikupata jibu usiku huo. Kesho yake, nikiwa kwenye matatu baada ya Taveta, katika nyika ile ambayo Rebmann alikiona kile cheupe, simu iliita mlio mfupi. Aliandika: "Imefika. Wengine hurudi kutushukuru, hawarudi kulipa. Ukija tena njoo Januari, bei itakuwa nyingine. Mama anauliza mguu."